Kilichoshonwa Ndani ya Koti

Hakuna kitu kinachonitia hasira kama kuona kazi yangu imefumuliwa na mtu asiyejua kufumua. Fundi anayejua hukata uzi mmoja mmoja, taratibu, mpaka kitambaa kisijue kama kiliguswa. Koti lile lililokuwa juu ya meza ya mchungaji lilikuwa limeraruliwa. Bitana yake, kile kitambaa laini cha ndani nilichokitafuta duka kwa duka kwa wiki mbili, ilikuwa inaning'inia upande wa kifua cha kushoto kama ulimi wa mbwa aliyechoka.

Lilikuwa koti langu la harusi. Yaani la bwana harusi wangu, lakini nililishona mimi kwa mikono hii, kwa hiyo nasema langu.

"Kaa, binti," alisema mchungaji.

"Nitasimama."

Shangazi yangu, aliyenilea na kunifundisha cherehani, alinivuta sketi kwa nyuma. "Kaa chini. Utagombana vizuri zaidi ukiwa umekaa."

Nikakaa. Ofisi ile ilikuwa chumba kidogo nyuma ya kanisa: dirisha moja, kabati la vitabu vya nyimbo, viti vya plastiki, na feni ya ukutani iliyozunguka ikilalamika kila ikifika kona. Ilikuwa saa tisa alasiri na joto lilikuwa halina huruma. Upande wa pili wa meza alikaa mama mkwe wangu mtarajiwa, kiongozi wa maombi ya akina mama, ambaye kila mtu alimwita Mama Maombi, hata wale wasiokanyaga kanisani. Nilimwamkia. Alitazama dirishani kana kwamba nimemwamkia mtu aliyepo nje.

Kando yake alikaa mwanawe.

Mtaa mzima ulimwita Mrefu, kwa sababu ni milango michache sana aliyopita bila kuinama. Alikuwa mpimaji wa damu kwenye maabara ya hospitali, mtu mpole, mwenye vidole virefu na sauti ya chini. Siku kumi na moja nilikuwa sijamwona. Siku kumi na moja kila nikipiga simu aliniambia "niko kazini," hata Jumapili. Aliponyanyua macho akanitazama, moyo wangu ulidunda kijinga, kama vile haujui tumeitwa pale kwa ajili ya nini. Nilimtamani na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Kisha akateremsha macho, na ile hamu ya kofi ikashinda.

Harusi yetu ilikuwa imebakiza siku kumi na nane.

"Mchungaji, usinisikilize mimi," alianza Mama Maombi. "Mungu alinionesha koti hili ndotoni. Tazama kwa macho yako."

Alifungua leso mezani. Ndani yake kulikuwa na kifurushi cha kitambaa kisichozidi ukubwa wa kiberiti, kimekatwa upande mmoja kwa mkasi. Alikikung'uta. Kikatoka kipande cha kitambaa cha bluu, kifungo kimoja, uzi mweusi uliozungushwa, na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Kifungo," alihesabu kwa kidole. "Nywele za mtu. Na maandishi ambayo hata msomi hawezi kuyasoma. Vimeshonwa hapa!" Alijipiga kifuani. "Juu ya moyo wa mwanangu! Si mfukoni, si kwenye pindo. Juu ya moyo kabisa!"

Mchungaji alivisogeza vile vitu kwa ncha ya kalamu. Niliona kwamba hakutaka kuvigusa kwa kidole, na hilo nalo lilinichoma.

"Unasemaje, binti?"

"Nasema ni vya akiba," nilijibu. "Hicho kifungo ni cha akiba kikidondoka kingine. Kitambaa ni cha kiraka, koti likiungua pasi au likichanika. Hizo zinazoitwa nywele ni uzi. Vuta, utaona ni uzi. Kila koti linalotoka kwenye cherehani yetu lina kifurushi kama hicho."

"Kwa nini ukifiche?" Mama Maombi alidakia. "Kitu chema hakifichwi!"

"Sikukificha, nilikishonea. Wateja ukiwapa mkononi wanapoteza kabla hawajafika nyumbani."

"Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo," alisema Shangazi. "Miaka thelathini nashona makoti. Hata hilo ulilovaa, Mchungaji, ni letu. Jipapase hapo kifuani, upande wa kushoto, chini kidogo ya mfuko."

Mchungaji akajipapasa. Mkono wake ukasimama. Alibonyeza mara mbili, tatu, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekuta ufunguo wa nyumba ya jirani mfukoni mwake.

"Kipo," alisema taratibu.

Nilidhani tumemaliza. Nilishaanza hata kusogeza kiti. Kumbe simjui Mama Maombi.

"Yesu wangu!" Alishika kichwa. "Kumbe wamekufunga na wewe, Mchungaji!"

Shangazi alicheka kwa sauti, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye, akanyamaza.

Mimi sikumtazama mama. Nilimtazama Mrefu. Nilikuwa nasubiri jambo moja tu tangu nimeingia pale, aseme "Mama, basi." Maneno mawili. Sikuhitaji anitetee kwa hotuba. Alikuwa anazungusha pete yake ya uchumba kidoleni, anaitazama pete, ananitazama mimi, anarudi kwenye pete.

Mchungaji alikohoa. Alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya, lakini alikuwa mtu wa kutafuta njia ya katikati, na njia ya katikati mara nyingi hupita juu ya mgongo wa mtu mmoja.

"Binti, maneno yameshasambaa," alisema. "Kikundi cha akina mama wote wanajua. Wazee wa kanisa wameniuliza. Siwezi kufungisha ndoa hii huku nusu ya kanisa wanaamini bwana harusi amewekewa limbwata. Mama anapendekeza jambo, na mimi nimeona si baya. Jumapili hii, baada ya mahubiri, upite mbele. Upige magoti, ukane kazi zote za giza, tukuombee. Koti litachomwa moto. Baada ya hapo hakuna atakayefungua mdomo, na harusi itaendelea."

"Nikane nini?"

"Kazi za giza."

"Ambazo sijafanya."

"Ukikana jambo ambalo hukufanya, umepoteza nini?" aliuliza Mama Maombi, sauti imelainika ghafla. "Mtu msafi haogopi kuombewa."

"Nisipopita mbele?"

"Hakuna harusi," alisema. "Mwanangu hatavuka mlango wa kanisa na wewe nikiwa hai."

Nikamgeukia Mrefu. "Na wewe unasemaje?"

Alijiegemeza mbele, akaweka mikono ile mirefu juu ya meza karibu na yangu, na kwa sauti ile ile iliyokuwa ikinilaza usingizi kwenye simu, akasema, "Fundi, ni dakika tano tu. Sema tu, yaishe. Mimi na wewe tunajua moyoni mwetu. Wao waache wasikie wanachotaka kusikia."

Alikuwa ndiye mtu pekee aliyeniita Fundi kana kwamba ni jina la mahaba. Siku hiyo nilitaka kumnyang'anya lile jina.

"Rudia," nikasema.

"Nasema ni maneno tu..."

"Ni maneno tu?" Nilisimama, na safari hii Shangazi hakunivuta sketi. "Kila Jumapili tunakaa kwenye mabenchi yale tunafundishwa kwamba Mungu hasikilizi midomo, anasikiliza moyo. Tunaambiwa ukiimba huku akili yako iko sokoni hujaabudu, umepiga kelele. Leo mnataka nipande mbele ya hao hao watu, nipige magoti mbele ya Mungu huyo huyo, nitubu dhambi ambayo yeye anajua sikuitenda, nidanganye kwa macho yaliyofumbwa, ili akina mama wapige vigelegele! Hiyo sala ni ya nani, Mchungaji? Nani atakuwa anaipokea?"

Feni ililalamika.

"Mnaogopa kifungo! Kifungo hakijamdanganya mtu. Mnanitaka mimi nifanye uchawi wenyewe, niseme maneno nisiyoyaamini nikitumaini yatawageuza watu mioyo. Si ndiyo hiyo kazi ya waganga? Wanasema maneno, wanaangalia matokeo!"

"Sauti, binti," alisema mchungaji.

"Sauti yangu ndiyo hii."

Mchungaji aliweka kalamu chini. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akairudisha. Alipozungumza tena, alizungumza na mimi peke yangu, kama vile wengine wametoka.

"Nilipaswa kukuuliza hili kwanza kabla ya lolote. Ulipokuwa unashona kile kifurushi, moyoni mwako kulikuwa na nini?"

Swali lilinikuta sijajiandaa. Ningeweza kusema "hakuna," na ingekuwa rahisi. Lakini nilikuwa nimetoka kuwahubiria watu wazima kuhusu uongo.

"Nilikuwa naomba," nilisema. "Nashona huku naomba. Nilimwomba Mungu huyu mtu asiniache."

"Umesikia!" Mama Maombi alipiga meza.

"Mama, subiri," alisema mchungaji, akanigeukia. "Uliomba hivyo tu?"

"Nilijua ningetakiwa kuongeza kwamba kama si wangu basi mapenzi yake yatimizwe." Nilitazama pete yangu. "Lakini sikuongeza. Niliona nikisema hivyo nitampa Mungu wazo."

Mdomo wa mchungaji ulicheza kidogo. "Angalau husemi uongo. Na ungefanya nini kama Mungu angekataa?"

"Ningelia. Ningefanya nini kingine?"

"Hapo ndipo penye tofauti," alisema, na sasa alikuwa anawaambia wote. "Hirizi haiombi, inaamuru. Mwenye hirizi anataka kupata hata kama Mungu amekataa, hata kama mtu mwenyewe amekataa. Anayeomba anaachia mkono. Huyu binti ameomba kwa ubishi, lakini ameomba."

"Na hayo maandishi?" Mama Maombi alikuwa bado hajakubali kushindwa. Alinyakua ile karatasi akaifungua mbele ya pua ya mchungaji. "Haya nayo ni maombi? Soma!"

Mchungaji akasoma kwa taabu. "KF thelathini na nane. KN thelathini na mbili. BG kumi na nane. MK ishirini na saba. MS ishirini na sita."

"Namba za kuzimu!"

"Dada yangu," alisema Shangazi, "hiyo unayoikemea ni kiuno cha mwanao."

Nilifungua mkoba wangu. Mimi hutembea na futi ya kupimia kama wengine wanavyotembea na kitana. "KF ni kifua. KN ni kiuno. BG ni bega. MK ni mkono wa kulia, MS wa kushoto. Naandika ili hata akiwa mbali, koti likimbana, fundi yeyote alifungue ajue pa kuanzia. Simama, Mrefu."

"Hapa?"

"Simama!"

Alisimama, kichwa karibu kiguse feni, akasogea pembeni. Nilimwendea. Nilipopitisha futi mgongoni mwake nililazimika kumkumbatia, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumpima mtu kifua, na nilisikia pumzi yake ikikatika juu ya nywele zangu. Alinukia sabuni ya hospitali. Ndivyo tulivyoanza, mwaka mmoja na nusu uliopita, alipokuja dukani kwetu kushonesha shati la kazi na mimi nikalazimika kupanda kwenye stuli kumpima mabega. Alirudi kupimwa mara nne kwa shati lile lile. Mara ya tano nikamwambia hajabadilika hata nusu inchi, akasema anajua.

"Kifua, thelathini na nane," nilisoma kwa sauti kubwa. "Kiuno, thelathini na mbili. Bega, kumi na nane. Nyoosha mkono. Wa kulia, ishirini na saba. Wa kushoto, ishirini na sita."

"Tofauti?" aliuliza mchungaji.

"Huo wa kushoto uliwahi kuvunjika akiwa mtoto, ukaunga vibaya," nilisema. "Mamake anajua. Mwambie, Mama. Namba hii nayo imetoka kuzimu?"

Mama Maombi aliutazama ule mkono. Alijua. Alikuwa amembeba mgongoni yeye mwenyewe mpaka kwa daktari.

Nilikuwa nazungusha futi niirudishe mkobani, na hapo ndipo jicho langu lilipoona kola.

Shati lile nililishona mimi. Naijua mishono yangu kama mtu anavyojua mwandiko wake. Nyuma ya shingo, mahali kola inapoungana na shati, mishono yangu ilikuwa imeondolewa na mtu akashonea kwa mkono, kwa uzi mweupe wa kushonea mashuka juu ya shati la rangi ya maziwa, mishono mikubwa mikubwa ya haraka.

"Nani ameshona kola yako?"

"Wewe," alisema Mrefu, akishangaa.

"Mimi sishoni hivi hata nikiwa nimefumba macho. Nyanyua mguu. Weka hapa kwenye kiti."

Nilikunjua pindo la suruali. Limefumuliwa, limeshonwa tena. Mguu wa pili, vivyo hivyo. Nikavuta kiuno cha suruali nikakigeuza mbele ya mchungaji wa watu bila aibu yoyote. Vivyo hivyo.

Nilimgeukia mama yake. Nilihisi hasira yangu ikitulia na kuwa ngumu.

"Mama, ulisema Mungu alikuonesha koti ndotoni."

"Alinionesha."

"Koti tu? Basi kwa nini umefumua kola? Kwa nini umefumua suruali? Mtu aliyeoneshwa koti anakwenda kwenye koti. Anayefumua kila nguo ndani ya nyumba ameambiwa kuna kitu kwenye nguo, ila hajaambiwa wapi. Nani alikuambia?"

"Mama," alisema Mrefu. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mama yake tangu tumekaa. "Hata mto wangu ulikuwa umefumuliwa. Nilidhani ni panya."

Mama Maombi alikusanya leso yake. Alianza kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mara akaipiga chini.

"Nilikwenda!" alisema. "Ndiyo, nilikwenda! Kuna mzee nyuma ya soko anayetazama kwenye maji. Nilikwenda mara tatu. Akaniambia mwanao amefungwa, na kifungo kimeshonwa kwenye nguo."

"Ulimwambia mkweo ni fundi cherehani?" niliuliza.

Alinitazama.

"Ulimwambia au hukumwambia?"

"Aliniuliza anafanya kazi gani."

"Ningekuwa muuza samaki angekwambia kimo kwenye samaki!"

"Mama." Mchungaji alikuwa amesimama, na uso wake haukuwa tena wa njia ya katikati. "Jumapili iliyopita umesimama madhabahuni ukawaombea watu wafunguliwe kutoka kwa waganga."

"Nilikuwa na nia njema! Ni mwanangu! Nilitaka kujua tu! Nikaupaka na mto wake mafuta ya upako, kila jioni, ili amsahau."

"Mafuta niliyokupa kwa ajili ya wagonjwa?"

"Alikuwa mgonjwa! Hali chakula, hacheki na mimi, kila neno ni Fundi, Fundi, Fundi!" Sasa alikuwa analia, na hakulia kama mtu anayetafuta huruma. Alilia kwa hasira, akijifuta kwa nyuma ya mkono. "Baba yake alitoka asubuhi kwenda kazini, amekunywa chai yangu, ameniaga. Jioni akaenda kwa mwanamke mwingine na hakurudi mpaka leo. Huyu alikuwa na miaka minne. Mwanaume mwenye akili zake anaondokaje hivyo kama hakufanyiwa kitu? Niambieni! Miaka ishirini na sita najiuliza. Nikajiapia kwamba huyu hawatanichukulia."

Shangazi ndiye aliyezungumza, tena kwa upole ambao sikuutegemea.

"Wengine wanaondoka tu, dada yangu. Wangu naye aliondoka. Nilitamani sana awe amelogwa, ningepata wa kumlaumu. Hakulogwa. Alichoka tu, akaondoka."

Mama Maombi alifunika uso. Nilitaka kumwonea huruma na nusura nimwonee. Lakini alikuwa amenivua nguo mbele ya kanisa zima, na huruma yangu ilikuwa haijafika.

"Ulikuwa na nia njema," mchungaji alimwambia, "na umekwenda kwa mganga, ukatumia mafuta ya kanisa kama dawa ya kumgeuza mtu moyo. Huyu binti hukumuuliza nia yake hata siku moja, ukaenda kumhukumu kwa kifungo. Na mimi nikakufuata." Alinigeukia. "Hakuna kupita mbele Jumapili. Nitazungumza na wazee mwenyewe. Nisamehe, binti."

Ndipo Mrefu alipoizunguka ile meza. Alikuja upande wangu, akanishika mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyetolewa jiwe kifuani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Alikuwa mzuri, Mungu anisamehe, alikuwa mzuri hata wakati ule.

"Fundi," alisema. "Nisamehe. Sasa nakuamini."

"Sasa?"

"Sasa nimeona kila kitu."

"Na kabla hujaona?"

Alilitazama koti pale mezani.

"Mrefu, nakuuliza jambo moja, na usinijibu maneno tu. Siku zile kumi na moja, mama yako alipokuletea kile kifurushi akasema nimekufunga, uliamini?"

Angeweza kudanganya. Ingekuwa nafuu kwetu sote. Lakini hakuwa mtu wa uongo. Nilimpendea hilo pia.

"Sikuamini hivi hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Ila nilijiuliza. Kwa sababu mimi sijawahi kuwa hivi, Fundi. Nikiwa maabara nasahau chupa ya nani ni ipi kwa kukufikiria. Nikipita barabara ya dukani kwenu miguu inakata kona yenyewe. Sijawahi kumpenda mtu hivi. Kwa hiyo Mama aliposema ni dawa, nikafikiri... nikafikiri labda ndiyo maana."

Nilisimama pale mikono yangu ikiwa ndani ya yake. Hakuna mwanaume aliyewahi kuniambia neno tamu kama lile. Wala hakuna aliyewahi kunitukana vile. Yote yalikuwa katika sentensi moja, na sikuweza kuchukua moja nikaacha jingine.

"Kwa hiyo ulipoona unanipenda sana," nilisema polepole, kwa sababu nilitaka nisikie mwenyewe, "ukadhani si wewe."

"Fundi..."

"Ukadhani mimi sistahili kupendwa hivyo na mtu mwenye akili zake."

"Sikumaanisha hivyo!"

"Ulimaanisha nini? Kuna njia ngapi za kuimaanisha? Mama yako alimwendea mtu wa maji amwambie moyo wako una nini. Wewe umesubiri futi ikuambie. Mimi mwaka mzima na nusu sikumuuliza mtu. Nilijua nakupenda, nikajua ni mimi ninayekupenda, nikalala usingizi!"

Nilitoa mikono yangu. Haikutoka kirahisi, aliishika, na mimi nilitaka aishike. Lakini niliitoa. Nikavua pete yangu ya uchumba, nikaiweka mezani, mbele ya mchungaji.

"Mchungaji, Jumapili usitangaze ndoa yetu."

"Binti, leo kuna hasira hapa ndani. Pumzika kwanza."

"Nina hasira, ndiyo. Usitangaze."

"Fundi, hapana," alisema Mrefu. "Nakuomba. Nimekosa. Nitafanya lolote unalotaka."

"Hiyo ndiyo shida. Utafanya lolote analotaka yeyote aliye mbele yako."

"Mpaka lini?" aliuliza mchungaji, kalamu mkononi, daftari la matangazo ya ndoa limefunguliwa mbele yake. "Niandike mpaka lini?"

Nilimtazama yule mwanaume niliyeujua mwili wake kwa inchi, na ambaye dakika chache zilizopita nilisikia pumzi yake kwenye nywele zangu. Nilikuwa nampenda kiasi kwamba meno yaliniuma.

"Mpaka ajue kwamba anayenipenda ni yeye," nilisema.

Nilimshika Shangazi mkono tukatoka. Nilisikia kiti kikianguka, kisha hatua zake ndefu zikinifuata ukumbini, kisha sauti ya mama yake ikimwita kwa jina lake la utotoni, na hatua zikasimama. Nilisubiri zianze tena. Nilihesabu mabenchi mpaka mlango mkubwa nikisubiri. Hazikuanza. Nikatoka juani, nikalia kwa sauti mtaa mzima, na sikujali nani aliyeniona.